Kipande kimoja cha halua

Bado mkono unatetemeka, mnisamehe makosa.

Wengi mwajua nilifanyiwa upasuaji wa tumbo kupunguza uzito, ule wa kukata na kuunganisha na utumbo. Leo wiki ya saba. Tumbo lililobaki ni kama yai dogo. Chakula nakipima kwa kikombe cha kahawa.

Alasiri nilipita kwa shangazi, mtaa wa Langoni, hapa Lamu.
"Mwanangu, umekwisha! Kula japo hiki."
Halua, kipande kama kidole gumba.
(Kumkatalia shangazi halua, nani aweza?)

Hata robo saa haijapita, moyo mbio. Jasho, kizunguzungu, tumbo lasokota. Nikajilaza barazani, nahesabu mapigo: 118.

Akilini neno moja tu: kuvuja. Daktari alinionya, mshono ukivuja moyo huenda mbio, homa hupanda, hata bega la kushoto huuma. Nami niko kisiwani, mpaka boti ivuke Mokowe, bara...

Shangazi ananipepea kwa kipepeo cha jikoni, kile cha kuchochea makaa. Kila akipepea, majivu yanishukia usoni. Hakusema neno. Yeye!

Nikampigia daktari.
"Una homa? Bega?"
"La."
"Umekula nini?"
Nikanyamaza. "Halua."
Akacheka. Sukari imeshuka utumboni kwa kishindo, akasema. Lala. Ila homa ikija, usingoje asubuhi.

Baada ya saa ikatulia. Lakini kipimajoto kiko chini ya mto, na tangu magharibi nimeshapima mara 4.

Mliopitia haya, hofu hii huisha lini? Na mashangazi mliwaambiaje?