Kampuni au Shirika: Uamuzi Wetu kuhusu Zabibu za Hombolo

Mimi na dada yangu tunajiandaa kununua na kukausha zabibu za wakulima wa Hombolo, Dodoma, na tumejadili sana kama tusajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, au shirika lisilo la kiserikali. Shirika hupokea ruzuku, lakini sheria ya mashirika hayo ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho ya 2019, hairuhusu wanachama wa shirika kugawana faida. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba zabibu iliyoiva, ikishinda kwenye kreti katika jua la Dodoma, huanza kuchuruza maji, na mkulima anataka fedha yake siku hiyo hiyo, hawezi kusubiri mfadhili apitishe andiko la mradi. Tumechagua kampuni, na bei ya haki kwa mkulima tutaiandika kwenye katiba yake.