Kuunga tivii bapa na sabufa ya enzi za deki

Sabufa yangu ni ya zamani: kwa nyuma ina matundu mawili ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe, basi. Tivii bapa iliyokuja baadaye haina hata tundu la hedifoni. Ina HDMI, ina USB, na ina kitundu cha pembe nne kilichoandikwa OPTICAL. Spika zake zimetazama chini, besi hakuna. Mtangazaji wa mpira anasikika kama kafungiwa kwenye debe.

Wengi huchomeka sabufa moja kwa moja kwenye king'amuzi. Inafanya kazi, ila ukihamia kwenye flashi au YouTube, sabufa inanyamaza. Mimi nilitaka sauti itoke kwenye tivii yenyewe, chochote kinachochezwa.

Kumbe dawa yake ni kidude kidogo cha kugeuza sauti ya dijitali iwe analogi. Wauzaji wa Kariakoo wanakiita DAC, na bei yake haifiki mbali ukilinganisha na saundibaa. Upande mmoja kinapokea waya wa optikali, upande wa pili kinatoa nyekundu na nyeupe, umeme wake ni volti 5. Waya huo unapitisha mwanga, si umeme, kwa hiyo usiukunje kona kali. Ncha zake zinakuja na vikofia vya plastiki visivyoonekana vizuri, vitoe kwanza. Ukichomeka upande wa tivii, weka kiganja mbele ya ncha ya pili: utaona doa jekundu. Likiwepo, tivii inatuma sauti.

Doa lilikuwepo, muziki wa flashi ukalia vizuri. Nikaweka filamu: kimya, kisha mikwaruzo. Hapa ndipo watu wanaporudisha kidude dukani wakidhani ni kibovu. Tivii ilikuwa inatuma sauti ya Dolby, yaani sauti ya filamu iliyobanwa, kama ilivyo, na vidude vya bei nafuu vinaelewa PCM ya stirio tu, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa ya kushoto na kulia. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, tafuta sehemu ya sauti ya dijitali inayotoka, toa Auto au Bitstream, weka PCM. Tivii itaifungua Dolby yenyewe. Ukiwa hapo hapo, zima spika za tivii, la sivyo utasikia mwangwi.

Kulibaki mngurumo mdogo wa mfululizo. Nilikuwa nakipa kidude umeme kutoka USB ya tivii, kumbe njia hiyo iliwaunganisha upya tivii na sabufa kwa umeme, faida ya waya wa mwanga ikapotea. Nikahamishia kwenye chaja ya simu, mngurumo ukaisha.

Kitu kimoja sijakipenda: kwenye tivii yangu sauti inayopita kwenye optikali haipandi wala kushuka. Rimoti ya tivii sasa ni ya kubadilisha chaneli tu, na ile ya sabufa, iliyokuwa imetupwa kabatini, ndiyo inayogombaniwa.