Siku moja Likoni: nilivyofunzwa kupokea

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Adhana ya msikiti wa jirani huniamsha kabla ya simu. Kwetu Njombe saa hizi ningekuwa nimejikunyata chini ya mablanketi mawili. Hapa Likoni, Mombasa, hata shuka limenishinda, limelala sakafuni tangu usiku wa manane. Nasali, nafagia ua. Huu ni mwaka wangu wa pili hapa kama mmisionari mlei, nasaidia chekechea na watoto wanaokuja jioni kufanya kazi za shule. Huniita Sista. Sijaweka nadhiri yoyote, ila nimechoka kuwasahihisha.

Saa kumi na mbili na nusu. Muuza maji kafika na mkokoteni wake. Bomba letu limekauka tangu juzi, kwa hiyo nachukua mitungi minne ya lita 20. Kila nikiona maji hapa nakumbuka wiki yangu ya kwanza, mtoto aliposimama mlangoni akaniita, "Sista, ndoo!" Nikaingia ndani nikamletea ndoo. Kumbe kwa Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, ananiambia njoo. Alicheka hadi akakaa chini, na mpaka leo wapo wanaoniita Sista Ndoo.

Saa mbili hadi saa sita. Chekechea. Watoto 31, kalamu za rangi 19. Tuliimba, tukahesabu vifuniko vya soda, mmoja alijikojolea, wawili walipigana wakapatana. Siku njema.

Saa saba. Navuka feri kwenda soko la Marikiti kutafuta maharagwe na vitunguu. Mara yangu ya kwanza hapa nilitafuta dirisha la tiketi, sarafu mkononi, kwa mazoea ya feri ya Kigamboni, Dar es Salaam. Mama mmoja akanishika bega: "Pita mwanangu, wa miguu halipi." Kweli, magari ndiyo hulipa. Leo wakati wa kurudi mfuko ulichanika tukishuka, vitunguu vikatawanyika miguuni mwa watu. Niliokota nilivyoviona.

Saa kumi na nusu. Watoto wa jioni wanaingia, na hapa ndipo siku yangu huanza hasa.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka jana msichana mdogo alinimegea nusu ya mhamri wake. Nilijua nyumbani kwao hula mlo mmoja siku nyingine, nikamwambia, "Kula wewe mwanangu, mimi nimeshiba." Hakula. Aliufunga ule mhamri kwenye karatasi ya daftari akaenda nao. Kesho yake bibi yake alinipitia, amejitanda leso, akanisalimu vizuri, akaniuliza nyumbani hawajambo, kisha: "Mhamri wetu ulikuwa na nini, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Mimi niliona nimemhurumia mtoto, na yeye aliona nimemrudishia chake kana kwamba kina uchafu. Nilikuja huku nikiamini mkono wa juu ni wangu siku zote.

Basi leo. Mvulana wa kama miaka tisa, shati halina vifungo viwili, katoa mfukoni pipi mbili nyekundu. Wenzake watatu wakamzunguka kimya, bila hata kuomba, walijua zinagawiwa. Akaifunika ya kwanza kwa ncha ya shati, akaing'ata kupitia kitambaa. Ka! Akaifunua, vipande viwili, kimoja kikubwa. Ya pili hivyo hivyo. Vipande vinne kiganjani, watu wanne. Hesabu imetimia, nikarudi kwenye daftari nililokuwa nasahihisha.

Nikasikia ka! nyingine.

"Sista, twaa."

Alikuwa amevunja kipande chake mwenyewe. Kilichobaki kwake kilikuwa kama punje ya mchele. Maneno ya "kula wewe" yalishafika ulimini, nikayameza. Nikakinga mikono yote miwili, kama bibi yangu alivyonifunza kupokea kwa wakubwa, nikasema ahsante. Kipande kilikuwa na unyevu na uzi mmoja wa shati. Nikakitia mdomoni na uzi wake.

"Usitafune," akanionya. "Fyonza, ikae."

Tukafyonza wote watano. Hesabu za kugawanya zikasubiri.

Saa tatu usiku. Naandika ripoti ya mwezi kwa parokia yangu ya nyumbani. Fomu ina safu ya vitu vilivyotolewa: madaftari, sabuni, unga wa uji. Nimejaza zote. Safu ya vilivyopokelewa haipo, kwa hiyo nimeandika pembeni kwa penseli: mhamri nusu, sikuuchukua. Pipi, kipande, nimekula.