Kalamu mbili, sura moja: nilivyoandika insha ya ulimbwende na uhalisia

Aliyepita darasa la nadharia ya fasihi analijua lile jedwali la mikondo miwili ya uandishi. Upande huu ulimbwende, yaani mkondo unaotukuza hisia na njozi: hisia, maumbile, upweke, mapenzi yasiyotimia. Upande ule uhalisia, unaoonyesha maisha yalivyo: watu wa kawaida, pesa, madeni. Tulipopewa insha ya kulinganisha mikondo hiyo chuoni, karibu kila daftari lilikuwa nalo. Mimi nikatafuta mahali inapokutana uso kwa uso.

Nilianzia kwa Lamartine, Mfaransa aliyechapisha shairi la “Le Lac” mwaka 1820. Mshairi yuko peke yake kando ya ziwa alilowahi kulitembelea na mpenzi wake, anausihi wakati usimame. Shairi tamu, sina la kulibeza. Lililonifaa zaidi ni kwamba Lamartine anatajwa ndani ya Madame Bovary, riwaya ya Mfaransa mwenzake Gustave Flaubert, iliyotoka kama kitabu mwaka 1857. Emma, binti wa mkulima anayesomeshwa na masista, anajishibisha mashairi ya aina hiyo na riwaya za Mskoti Walter Scott. Kisha anaolewa na tabibu wa kijijini asiye na makuu, na maisha yake anayapima kwa vipimo vya vitabuni.

Nikatoa kopi sura ya maonyesho ya kilimo, nikashika kalamu mbili: buluu kwa maneno ambayo mlimbwende angeyaandika, nyekundu kwa yaliyobaki. Rodolphe, tajiri mwenye mashamba aliyezoea kutongoza, amempandisha Emma ghorofani kwenye chumba cha mikutano cha halmashauri, wamekaa dirishani. Anamweleza habari za majaaliwa na nyoyo zilizoumbiwa kukutana. Chini uwanjani wanatangazwa washindi wa tuzo za kilimo, ya samadi ikiwemo. Rodolphe anasema mara mia alitaka kuondoka, lakini akamfuata Emma, akabaki, papo hapo sauti ya chini inadakia: “Samadi!” Buluu, nyekundu, buluu, nyekundu, mpaka ukurasa ukawa kama kanga.

Wengi huishia kwenye kicheko hicho. Kwangu uzito uko mbele kidogo, anapoitwa Catherine Leroux, ajuza aliyetumikia shamba moja miaka 54, apewe medali ya fedha ya faranga 25. Flaubert anaitazama mikono yake: vumbi la ghalani, magadi ya kufulia na mafuta ya sufu vimeipasua na kuigandia hata inaonekana michafu ingawa imesuuzwa kwa maji safi. Kwa wingi wa kazi imebaki nusu wazi. Medali, anasema, atampa padri amsomee misa. Sikuona pa kuweka buluu.

Hoja yangu ikawa kwamba uhalisia ulizaliwa na watu walionyonyeshwa ulimbwende. Flaubert mwenyewe, mwaka 1849, aliwasomea rafiki zake kazi ndefu iliyojaa njozi kuhusu Mtakatifu Antonio, mtawa wa kale wa jangwa la Misri. Wakamshauri aitupe motoni. Mwaka 1851 akaanza kisa cha Emma.

Mhadhiri alitaka pia sababu za kihistoria za uhalisia kuzuka. Nikazimaliza kwa aya moja: mapinduzi ya Ulaya ya 1848 yaliyovunja matumaini, viwanda, upigaji picha uliotangazwa Paris mwaka 1839. Hizo zimo katika kila kitabu.

Siku hizi nafundisha, na wanafunzi wangu nawapa sura ileile na kalamu zilezile. Wanachobishania zaidi ni Rodolphe: maneno yake yapigwe buluu kweli, ilhali yeye mwenyewe hayaamini?