Redio iliyosikika bila kusikia kileleni

Nilikuwa kileleni mwa mlima nikiita wenzangu kwa redio ya ridhaa. Walinitumia ujumbe wa simu: tunakusikia vizuri. Mimi, kwenye megahezi 145, sikusikia hata mmoja. Nilibadilisha betri, wapi! Nikafunga antena ndefu, mambo yakaharibika zaidi. Hapo ndipo nilipoutazama mnara wa mawasiliano hatua chache kando yangu. Mawimbi yake yalikilemea kipokezi.

Kanuni za SOTA (Summits on the Air, mpango wa wapenzi wa redio wa kuwasiliana kutoka vileleni vya milima) kwa kawaida huruhusu kurusha mawimbi ukiwa hadi mita 25 chini ya kilele, nami siku zote nilizihesabu kwa hatua. Kumbe ni mita za wima! Mlimani penye mteremko wa pole huo ni mwendo mrefu. Nikarudisha antena fupi, nikateremka kama mita 15 hadi jabali likanikinga na mnara. Mawasiliano manne yanayohitajika ili kupata pointi yakaingia mfululizo.