Kipimo cha Mirija

Picha ya tatu ndiyo iliyosema. Ilikuwa eksirei ya mirija ya uzazi, inayopigwa huku dawa ya kuonekana kwenye picha ikisukumwa ndani. Katika ya kwanza mfuko wa uzazi ulionekana vizuri, pembetatu iliyopinduliwa, na katika ya pili mrija wa kulia ukaanza kujichora. Mrija ukiwa mzima, picha inayofuata huonyesha dawa ikimwagika na kutapakaa kandokando ya utumbo. Huu haukumwaga kitu. Dawa ilifika mwisho, ikakwama, mrija ukatuna kama soseji.

Ilikuwa asubuhi ya masika katika hospitali moja mjini Moshi, nami nikiwa nesi wa chumba kile. Mwenye mirija hiyo alikuwa dada muuza mitumba wa Kiboriloni, miaka minne ndani ya ndoa, hajashika mimba.

Kipimo hiki hakifanywi siku yoyote tu. Ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi, mtu huja kati ya siku ya 7 na ya 10, damu ikiwa imekatika, na asiwe amekutana na mume tangu hedhi ianze, isije dawa ikasukumwa kwenye mimba changa. Saa moja kabla alikuwa amemeza ibuprofeni miligramu 400. Shingo ya kizazi ikasafishwa kwa ayodini, mpira mwembamba ukapitishwa, dawa ikasukumwa polepole, mililita 10 hivi. Ukiisukuma kwa pupa, mrija hujikaza pale unapoungana na mfuko wa uzazi, na picha ikadanganya kwamba umeziba. Wa kushoto ulisita hivyo hivyo. Daktari alingoja dakika chache, ukapitisha, ingawa kilichomwagika kilikuwa kidogo.

Mwezi uliotangulia tulimrudisha. Alikuja na uchafu wa njano, na shingo ya kizazi iliposogezwa kidogo kwa kidole alijikunja kwa maumivu. Kupima katika hali ile ni kuwapandisha vijidudu juu kwa bomba. Akatibiwa PID, yaani maambukizi ya mfuko wa uzazi na mirija: sindano ya seftriaksoni, kisha doksisaiklini miligramu 100 na metronidazoli miligramu 400, kila moja mara mbili kwa siku, siku 14. Doksisaiklini haimezwi kwa maziwa, na ukiimeza kwa funda moja la maji kisha ukalala, huunguza koo. Metronidazoli haipatani na pombe, na kwenye sherehe za huku kwetu kukataa mbege kunahitaji maelezo marefu. Ila kinachovunja dozi zaidi ni nafuu: siku ya tano tumbo limetulia, vidonge vinawekwa kabatini.

Yeye alimaliza. Tatizo lilikuwa la zamani. Aliwahi kuambiwa ana chango, akachemshiwa mizizi. Baadaye ikawa "UTI sugu", akanunua vidonge duka la dawa bila kupimwa, na mume hakutibiwa kabisa. Klamidia na kisonono, magonjwa ya zinaa, huanzia kwenye shingo ya kizazi, mara nyingi bila dalili yoyote, kisha hupanda. Ndani ya mirija kuna vinyweleo vinavyolisogeza yai. Vikishaharibiwa na uvimbe wa maambukizi hayo, hubaki kovu, na ncha ya mrija hujifunga. Antibayotiki huua kijidudu, haiyeyushi kovu. Zile chupa za "kuzibua mirija" nazo haziliyeyushi, na bei zake ni za kukomoa.

"Sista, kwa hiyo mimi sizai tena?"

"Hakuna aliyesema hivyo, dada. Wa kushoto unapitisha."

Kwa kuwa mrija mmoja ulikuwa umetuna, aliongezewa doksisaiklini siku 5. Daktari alimweleza kwamba siku wakifikiria kupandikiza mimba, mrija wa kulia utolewe au ufungwe kwanza, maana maji yaliyomo humwagikia kwenye mfuko wa uzazi na kupunguza uwezekano wa mimba kushika.

Mume aliitwa ndani. Mwezi ule alipopelekewa wito alikuja mwenyewe (wengi hawaji), akachomwa sindano na kumaliza doksisaiklini ya siku 7, wakakaa mbali hadi wote walipomaliza. Sasa aliambiwa la kuangalia: siku za mkewe zikichelewa, apime mkojo mapema, na wiki ya sita apigwe ultrasaundi kuona mimba imetunga wapi, kwa sababu mrija wenye makovu unaweza kulinasa yai njiani. Maumivu ya upande mmoja, kizunguzungu, au bega kuuma bila sababu, wasingoje kupambazuke. Damu ikivujia tumboni, maumivu husikika begani.

Shemeji akauliza ni bega la upande gani.

Lolote, akajibiwa, na akaomba aandikiwe.