Takrima au rushwa?

Jana usiku Jaws Corner, baraza ya kahawa pale Mji Mkongwe Zanzibar, kahawa imetupoa mkononi kwa kubishana. Kaka mmoja kashikilia eti mgombea akigawa mchele si rushwa ni takrima, ndo mila zetu. Nikamwambia yakhe, hiyo takrima iliingizwa kwenye sheria ya uchaguzi ya Tanzania mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaja kuifuta 2006 kwa sababu inambagua mgombea asokuwa na pesa. Mzee mmoja akauliza, "Na ile miaka sita sheria ilipoiruhusu, haikuwa dhambi?" Wote kimya 😅 Akadakia kijana, mie mchele nakula kura nampa nimtakae! Watu wakacheka, ila huyu ndo simuelewi kabisa, ushakula chake, kesho barabara utamdai kwa uso gani?